Jina la Kejeli na Picha ya Ukurasa wa Mbele

Magazeti makubwa ya Uingereza yaliwakejeli wanawake waliodai haki ya kupiga kura, lakini kabla ya kejeli hiyo kukolea yalikuwa yamewanyamazia kwa muda mrefu. Mwaka 1866 mwanafalsafa na mbunge John Stuart Mill aliwasilisha bungeni ombi lenye saini 1,499 za wanawake waliotaka haki ya kuchagua wabunge, na kwa miongo minne iliyofuata maombi mengine yalipelekwa, mikutano ikaitishwa, miswada ikasomwa na kuangushwa, huku wahariri wakiiona shughuli hiyo kuwa jambo la kutajwa kwa mistari michache au la kuchorewa kibonzo. Muungano wa vyama vilivyofuata njia ya hoja, barua na ushawishi, ulioanzishwa mwaka 1897 na kuongozwa na Millicent Fawcett, ulikusanya wanachama wengi kuliko chama kingine chochote cha madai hayo, na bado ndio uliopata nafasi ndogo zaidi magazetini, kwa kuwa mkutano uliomalizika kwa amani haukuuza gazeti.

Wa kwanza kuielewa vyema kanuni hiyo ya biashara walikuwa wanawake wa chama kidogo kilichoundwa Manchester mwaka 1903 na Emmeline Pankhurst, ambacho kwa Kiswahili kinaweza kuitwa Umoja wa Kijamii na Kisiasa wa Wanawake. Tarehe 13 Oktoba 1905 binti yake Christabel, pamoja na Annie Kenney aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha pamba, waliuliza swali katika mkutano wa chama cha Liberal kwenye ukumbi wa Free Trade Hall: je, serikali ya chama hicho itawapa wanawake kura? Hawakujibiwa, walitolewa nje, wakakamatwa, wakakataa kulipa faini na kwenda jela. Swali hilo lilikuwa limeulizwa kwa adabu kwa miaka mingi bila mwandishi wa habari kulisikia, lakini mara hii magazeti ya nchi nzima yaliliandika, mengi kwa hasira. Hapo ndipo penye mgongano unaopita katika historia yote inayosimuliwa hapa, kwamba vyombo vilivyolaani kelele za wanawake ndivyo vilivyokuwa vimewafundisha kuwa bila kelele hawataonekana.

Miezi mitatu baadaye, mnamo Januari 1906, mwandishi Charles Hands wa gazeti la Daily Mail aliwapachika wanawake hao jina. Kiingereza kilikuwa tayari na neno "suffragist", lililomtaja mtu yeyote, mume au mke, anayetetea upanuzi wa haki ya kura. Hands alikata mwisho wa neno hilo na kuweka kiambishi chenye asili ya Kifaransa kinachoashiria udogo, ambacho katika maduka ya siku hizo kilitumika pia kutaja bidhaa za kuiga, na hivyo likazaliwa neno "suffragette", au safrajeti. Msemaji wa Kiswahili ataitambua hila hii papo hapo, kwa sababu lugha yake inayo: mwanamke akitolewa katika ngeli ya watu na kutiwa katika ngeli ya vitu, akaitwa kijanamke, hakuna kosa lililotajwa wala hoja iliyojibiwa, lakini amekwisha kupunguzwa. Kilichofuata huenda hakikutarajiwa na aliyelibuni jina hilo, maana wanawake wa Pankhurst walilipokea, wakalivaa kama beji, na mwaka 1912 wakalifanya kuwa jina la gazeti lao wenyewe.

Jina lilikuwa nusu ya nguvu ya magazeti. Nusu ya pili ilikuwa picha, na hapa historia ya gazeti moja inastahili kuangaliwa kwa karibu. Tarehe 2 Novemba 1903 Alfred Harmsworth, mmiliki wa Daily Mail, alianzisha Daily Mirror kuwa gazeti la wanawake lililoandikwa na wanawake, chini ya mhariri Mary Howarth, akidhani kuwa msomaji wa kike alitaka kwanza habari za mitindo, jamii ya juu na nyumba. Mauzo yaliporomoka ndani ya wiki chache. Mwanzoni mwa 1904 wanawake hao walifukuzwa kazi na mhariri mpya, Hamilton Fyfe, kana kwamba wao ndio waliokosea na si dhana ya mwenye gazeti kuhusu mambo yanayompendeza mwanamke, kisha Daily Mirror likageuzwa kuwa gazeti la picha. Ufundi wenyewe ulikuwa wa kuivunja picha kuwa nukta ndogondogo ambazo mashine iendayo kasi iliweza kuzipaka wino, hata tukio la mchana likaonekana mezani asubuhi iliyofuata.

Ijumaa, tarehe 18 Novemba 1910, wanawake wapatao 300 waliandamana kwenda Bungeni baada ya serikali kuutupa muswada uliokuwa umewapa matumaini, na kwa muda wa saa sita polisi pamoja na wanaume waliosimama kando waliwasukuma, kuwapiga na kuwapapasa, kabla ya watu 119 kukamatwa. Siku hiyo imebaki na jina la Ijumaa Nyeusi. Kesho yake The Times, gazeti la wenye madaraka lililopinga kura ya wanawake, liliorodhesha kofia za askari zilizoangushwa, askari aliyepigwa teke kifundoni na mwingine aliyekatwa usoni, na msomaji asiye na habari nyingine angeamini kuwa walioshambuliwa ni polisi. Daily Mirror la asubuhi hiyohiyo liliweka ukurasa wa mbele picha ya mwanamke aliyelala chini, amejikunyata na kuufunika uso kwa mikono yake yenye glavu, huku wanaume wamemzunguka wima. Wengi humtaja kuwa Ada Wright, ingawa lipo pia jina la Ernestine Mills. Orodha ya kofia ilihitaji kusomwa na kuaminiwa, ilhali picha ilionyesha nani alikuwa chini na nani alikuwa amesimama. Mwandishi Henry Brailsford na daktari Jessie Murray walikusanya baadaye maelezo ya mashahidi 135, na karibu yote yalitaja ukatili wa polisi.

Si haki kudhani kuwa waandishi wote walikuwa upande mmoja. Mwaka uliotangulia, Brailsford huyohuyo na mwenzake Henry Nevinson walijiuzulu kazi katika Daily News, gazeti la Liberal, kwa sababu lilikataa kulaani kulishwa kwa nguvu kwa wafungwa wanawake waliogoma kula, jambo lililofanywa kwa kupitisha mpira kooni au puani huku mfungwa ameshikiliwa. Kuacha mshahara kwa ajili ya tahariri ambayo gazeti lilikataa kuiandika ni tendo linalopaswa kukumbukwa katika historia ya uandishi wa habari kuliko linavyokumbukwa.

Wanawake wenyewe hawakungoja huruma ya wahariri. Mwaka 1907 Emmeline Pethick-Lawrence na mumewe Frederick walianzisha Votes for Women, yaani Kura kwa Wanawake, na likauzwa barabarani na wanachama waliosimama chini ya ukingo wa njia ya miguu, pale yanapopita maji machafu na magurudumu, kwa sababu muuzaji aliyesimama juu ya njia angeweza kushtakiwa kwa kuwazuia wapita njia.

Mabishano kuhusu kazi na nafasi ya mwanamke yaliendelea pia katika kurasa za barua. Machi 1912 The Times lilichapisha barua ndefu ya tabibu mashuhuri Almroth Wright, aliyedai kuwa maumbile ya mwanamke yanaivuruga akili yake kiasi cha kumfanya asifae siasa. Siku chache baadaye gazeti hilohilo lilitoa jibu la Clementine Churchill, mke wa waziri Winston Churchill, aliyeficha jina lake na kuuliza kwa utulivu iwapo, kwa hoja ya tabibu huyo, isingekuwa busara kuwafuta wanawake duniani kabisa.

Vita vya 1914 viligeuza lugha ya magazeti kwa kasi: mwanamke aliyeitwa kichaa alipovunja dirisha kwa kudai kura alisifiwa alipojaza baruti kiwandani. Sheria ya Februari 1918 iliwapa kura wanawake wa miaka 30 na kuendelea waliotimiza masharti ya makazi au mali, na hivyo wengi wa vijana waliofanya kazi hiyo ya baruti wakaachwa nje. Mwaka 1919 wanawake wa walowezi wa Kizungu nchini Kenya nao walipewa kura, ilhali Waafrika wa nchi hiyo, wake kwa waume, hawakuwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria hadi 1957. Neno "wanawake" lilivyotumika katika magazeti ya London halikuwahi kuwahesabu wanawake wote.

Serikali ilipotaka kushusha umri hadi miaka 21 ili wanawake walingane na wanaume, Daily Mail, sasa likiwa chini ya Lord Rothermere, mdogo wake Harmsworth, liliendesha kampeni ya kupinga na kuwaita wapiga kura wapya "flapper", neno la mitaani kwa msichana mpenda starehe, ambalo zamani lilimtaja kinda la ndege anayejaribu kupiga mabawa. Sheria ilipita Julai 1928 bila kujali kelele hizo, na takriban wanawake milioni tano wakaongezwa katika daftari la wapiga kura. Uchaguzi ulipofanyika tarehe 30 Mei 1929, wanawake walikuwa zaidi ya nusu ya wote walioandikishwa. Jina hili la pili hakuna chama kilicholitwaa kama la kwanza, wala hapakuwa na haja, kwa kuwa waliopachikwa walikuwa wamekwisha kushika karatasi za kura mikononi.