SISIMIZI, SIAFU NA SUMU NDANI YA NYUMBA



Mpendwa msomaji, mvua zikianza kunyesha, malalamiko huwa yale yale karibu katika kila nyumba. Mama anafunua kopo la sukari na kukuta limejaa sisimizi. Uji wa mtoto umeingiliwa. Usiku mmoja familia nzima inaamka ikijikung'uta siafu. Ndipo baba anapoingia stoo, anachukua dawa iliyobaki ya kunyunyizia pamba au kahawa, na kuipulizia jikoni. Leo tutaona namna ya kuwazuia wadudu hawa, na kwa nini ile dawa ya shamba ni hatari kuliko sisimizi wenyewe.

Tuwafahamu kwanza

Sisimizi mmoja akipata chakula, hurudi kiotani akiacha harufu njiani. Wenzake huifuata harufu hiyo mpaka kwenye chakula. Ndiyo maana ukiwaponda walioko mezani, baada ya muda mfupi wanakuja wengine: njia haijafutwa, na malkia bado yumo kiotani anataga mayai.

Mchwa wasichanganywe na hawa. Mchwa ni jamaa ya mende, hula miti na karatasi, na huzuiwa kwa njia nyingine.

Je, sisimizi huleta magonjwa? Hawaambukizi malaria wala UKIMWI. Lakini hutembea chooni na jalalani, kisha wakapanda juu ya chakula, na miguu yao huweza kubeba vijidudu. Katika hospitali za nchi mbalimbali wamewahi kukutwa ndani ya bandeji za wagonjwa. Kwa hiyo kidonda kifungwe vizuri, na mgonjwa asiyeweza kugeuka kitandani aangaliwe mara kwa mara.

Jikoni

1. Funika chakula. Sukari, asali na maziwa ya unga viwekwe katika vyombo vyenye mifuniko inayobana. Vyombo vya jioni vioshwe jioni ile ile, na makombo yafagiliwe.

2. Futa njia yao. Tumia kitambaa chenye maji ya sabuni, au siki iliyochanganywa na maji. Futa kuanzia kwenye chakula mpaka kwenye ufa wanakotokea, kisha uzibe ufa huo kwa simenti au udongo.

3. Weka miguu ya kabati la chakula katika makopo yenye maji, kila mguu na kopo lake. Tia sabuni kidogo katika maji hayo na uyabadilishe kila baada ya siku 3. Maji yakikaa wiki nzima, utakuwa umewakimbia sisimizi na kufuga mbu. Hakikisha pia kwamba kabati haligusi ukuta, maana watapitia huko.

4. Wakizidi, tumia chambo. Nunua unga wa asidi ya boriki katika duka la dawa. Changanya nusu kijiko cha chai cha unga huo, vijiko 8 vya chai vya sukari, na kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu. Lowanisha pamba, uiweke ndani ya kopo lenye matundu madogo karibu na njia yao. Usizidishe unga. Inatakiwa sisimizi afike kiotani akiwa hai na kuwalisha wenzake. Kazi hii huchukua siku kadhaa, hivyo uwe na subira. Boriki nayo ni sumu: kopo likae mahali ambapo mtoto hafiki, na kijiko ulichotumia kisirudi jikoni.

Siafu wakiingia

Siafu hawaoni. Huongozwa na harufu na kutembea kwa makundi makubwa wakitafuta nyama: mende, panya, vifaranga, na chochote kisichoweza kukimbia. Hapo ndipo ilipo hatari. Mtu mzima ataumwa na kutoka mbio. Mtoto mchanga, mzee aliyepooza au mlevi aliyelala hawezi. Wakimvamia kwa wingi mtoto aliyeachwa peke yake, wanaweza kumuua. Basi mama, ukienda shambani usimwache mtoto amelala chini ya mti au ndani ya nyumba bila mtu, hasa majira ya mvua.

Wakiingia, fanya hivi. Kwanza toa watoto, wagonjwa na wazee. Pili, fungua banda la kuku na sungura, na mfungue mbuzi aliyefungwa kamba. Tatu, waache wapite. Wasiposumbuliwa, kwa kawaida huondoka baada ya saa chache, nao watakuwa wamemaliza mende wako. Wakiwa bado nje, majivu ya moto yaliyomwagwa mlangoni huweza kuwageuza. Lakini usimwage mafuta ya taa ndani ya nyumba yenye kibatari au jiko linalowaka. Wengi wameunguza nyumba kwa namna hiyo.

Aliyeumwa ang'olewe siafu mmoja mmoja, aoshwe kwa maji na sabuni, na kuwekewa kitambaa cha maji baridi. Akivimba midomo, akipumua kwa shida au akizimia baada ya kuumwa na mdudu yeyote, apelekwe hospitali mara moja.

Tuseme pia jambo moja kwa upole. Siafu hawatumwi na jirani. Wanakuja kwa sababu mvua imewatoa ardhini na kwako kuna chakula chao. Familia zisigombane, wala bibi kizee asinyoshewe kidole, kwa ajili ya wadudu.

Sumu ya shamba isiingie jikoni

Dawa za mazao zimetengenezwa kwa shamba lenye upepo na jua, na mnyunyiziaji aliyejikinga. Ndani ya nyumba hubaki ukutani, mkekani na juu ya sahani. Mtoto anayetambaa huzigusa na kutia mkono mdomoni. Kosa kubwa zaidi ni kuzihifadhi, pamoja na mafuta ya taa, katika chupa za soda. Mtoto akiona chupa ya soda atakunywa. Ziache katika chupa zake zenye maandishi, ndani ya sanduku lenye kufuli.

Dalili za sumu nyingi za wadudu ni kutokwa na mate na jasho jingi, kutapika, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo, na kupumua kwa shida. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, umkimbize hospitali pamoja na chupa ya dawa ile. Usimtapishe. Aliyekunywa mafuta ya taa akitapishwa, mafuta huingia mapafuni na kumuumiza zaidi. Usimnyweshe maziwa wala mafuta ya kula.

Sisimizi na mkojo

Wengine huuliza: sisimizi wakikusanyika pale mtu alipokojoa, ana kisukari? Inawezekana, kwa kuwa sukari ikizidi mwilini hutoka katika mkojo. Hata waganga wa kale wa India walilitambua jambo hilo. Lakini sisimizi si maabara. Wasipokuja, si uthibitisho kwamba u mzima. Ukiona kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara na kukonda, nenda zahanati ukapimwe damu.

Bustanini

Si kila mdudu wa jamii hii ni adui. Maji moto, wale wekundu washonao majani juu ya miti, huwawinda wadudu wanaoharibu minazi na mikorosho. Waache, ila uwe mwangalifu wakati wa kuvuna. Lakini ukiona sisimizi wengi juu ya maharage au michungwa, geuza majani. Mara nyingi utakuta vidukari, ambao sisimizi huwalinda ili walambe utamu wao. Changanya vijiko 2 vya chakula vya sabuni ya maji katika lita 5 za maji, unyunyizie chini ya majani jioni. Vidukari wakiisha, sisimizi nao wataondoka.

Kitabu cha Mithali kinamtuma mvivu akajifunze kwa chungu. Nasi tujifunze bidii yake: kufunika, kufagia na kuziba kila siku. Na leo hii, kabla hujalala, ingia stoo uangalie kuna nini ndani ya zile chupa za soda.

Mungu awalinde.