Uaminifu katika ujenzi: Tuandikiane kabla ya kumkabidhi fundi nyumba

 

Ndugu Waislamu, masika ya mwaka 2024 hayatasahaulika upesi nchini kwetu. Mto Rufiji ulifurika ukafunika makazi na mashamba, mitaa ya mabondeni Dar es Salaam ikajaa maji, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikaufikia mwambao wetu. Maji yalipopungua ulifuata msiba wa pili ambao haukutangazwa sana. Ni msiba wa watu walionusurika na mvua, kisha wakaliwa na fundi.

Mtaani kwetu yupo mama mjane mwenye watoto wanne, ambaye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe iliezuliwa upande mmoja, na kuta zake zikalowa hadi usawa wa madirisha. Waumini walichanga, naye akaongeza fedha alizokopa kwenye kikoba. Kabla hata matope hayajakauka, alitokea mtu na tepu ya kupimia mkononi, asiyeitwa na yeyote, akasema kazi ni ya siku kumi na kwamba bati zinapanda bei kesho. Alitaka fedha zote mkononi siku ileile. Mama alipotuuliza, tulimjibu kwamba mtu huyo tunamwona safu ya mbele msikitini, basi asiwe na wasiwasi. Hakuna aliyeuliza anaishi wapi wala nyumba ipi aliwahi kuijenga. Hapakuandikwa hata mstari mmoja.

Kazi ilionekana nzuri kwa miezi michache. Vuli ilipoingia, lipu ilianza kubanduka kama ganda, kwa kuwa ilipigwa juu ya ukuta uliokuwa bado na maji. Bati zilikuwa nyepesi kuliko zilizolipiwa, na mwenyewe hakuonekana tena safu ya mbele wala ya nyuma. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alipoombwa msaada aliuliza swali moja tu: mkataba uko wapi? Tulitazamana. Kosa la fundi lilikuwa lake, lakini ushahidi tuliomtolea bila kumjua ulikuwa wetu, na mali iliyopotea ilikuwa ya mayatima.

Nafaka iliyolowa

Imepokewa katika Sahihi ya Imam Muslim kwamba Mtume (SAW) alipita sokoni penye fungu la nafaka, akaingiza mkono wake ndani na vidole vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, yule mtu alijitetea kwamba ni mvua iliyoinyeshea. Mtume (SAW) alimhoji kwa nini basi asiiweke iliyolowa juu watu waione, kisha akamkana kila mwenye kughushi kuwa si miongoni mwa watu wake.

Tuzingatie kwamba mfanyabiashara yule hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuficha. Na lipu kavu juu ya ukuta uliolowa ina tofauti gani na nafaka kavu juu ya nafaka yenye maji? Tuzingatie pia kwamba Mtume (SAW) aliingiza mkono. Hakutosheka na kilichoonekana juu, wala hakuna aliyesema kuwa kukagua ni kumdhania ndugu vibaya.

Kuandikiana si kutoaminiana

Wengi wetu huona haya kumwambia Muislamu mwenzetu tuandikiane. Hata hivyo, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni la muda maalumu na kulishuhudisha. Fundi aliyepokea fedha leo kwa kazi ya mwezi ujao amebeba deni shingoni mwake. Wanazuoni waliozungumzia mkataba wa kutengenezewa kitu wameshurutisha kijulikane kwa sifa zake, na bei yake ijulikane, ili pasibaki ujinga unaozaa ugomvi.

Basi karatasi itaje kazi gani inafanywa, kwa vifaa gani na vya kipimo gani, kwa bei gani, ianze lini na ikamilike lini, na malipo yatoke kwa hatua zipi. Pande zote mbili zitie saini mbele ya mashahidi wawili, na nakala moja ioneshwe kwa mwenyekiti wa mtaa. Picha za uharibifu zipigwe kwa simu kabla kazi haijaanza. Karatasi hiyo humlinda pia fundi mwaminifu dhidi ya mwenye nyumba anayebadili maneno kazi ikiisha.

Mwenye nguvu na mwaminifu

Katika Suratul Qasas, aya ya 26, binti wa mzee wa Madyan alimshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (AS) kwa kuwa mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Sifa hizo ni mbili na hazitenganishwi. Fundi mchamungu asiyejua kazi atatuangushia linta kwa nia njema, na bingwa asiye na amana atatuibia kwa ustadi.

Nguvu hujulikana kwa kazi. Tuombe kuoneshwa nyumba alizotengeneza, na walau moja iwe imepita msimu mzima wa mvua. Tuchukue makadirio ya mafundi watatu, na aliye chini mno kuliko wenzake tumuulize atapunguza wapi. Kwa kazi kubwa inayogusa msingi, nguzo au ghorofa, tutafute mkandarasi aliyesajiliwa. Tanzania Bara ipo Bodi ya Usajili wa Makandarasi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na makandarasi wa majengo wana madaraja kuanzia la saba hadi la kwanza. Kenya ipo Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Cheti kioneshwe, kisha kihakikishwe kwa waliokitoa.

Uaminifu hujulikana kwa dalili. Anayekuja bila kuitwa, anayetutia haraka, anayedai fedha zote mwanzoni, anayekataa fundi mwingine asikague, na asiyetaka kutoa risiti za dukani, huyo tumwage kwa heshima.

Tuingize mkono katika nafaka

Yapo mambo ambayo hata asiye fundi anaweza kuyapima. Bati ya geji 28 ni nene kuliko ya geji 30: namba ikipanda, bati hupungua unene. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 huwa na uzito wa karibu kilo 10.7, na ya milimita 10 karibu kilo 7.4. Ikiwekwa kwenye mizani ikapungua sana, tumeuziwa nondo nyembamba kwa jina la nene. Mifuko ya saruji ihesabiwe ikiingia, na mifuko mitupu ihesabiwe jioni. Mchanga wa baharini usikubaliwe kwenye zege, kwani chumvi yake hula nondo.

Ukuta uliolowa uachwe ukauke kabla ya lipu na rangi. Kipande cha nailoni kikibandikwa ukutani pande zote kwa siku nzima, kisha yakaonekana matone ndani yake, ukuta bado una maji. Ufa nao usifichwe haraka. Tuweke alama kwenye ncha zake na kuandika tarehe. Ukiendelea kurefuka, huenda tatizo liko kwenye msingi, na lipu haitautibu. Zege lililomwagwa linyweshwe maji kwa siku saba au zaidi, maana nguvu zake huja taratibu, na wataalamu huzipima siku ya 28.

Malipo yafuate kazi. Ikiwezekana tununue vifaa wenyewe na kumlipa fundi ujira kwa kila hatua iliyokaguliwa. Fungu moja katika kumi libakizwe kwa makubaliano yaliyoandikwa, hadi mvua ya kwanza ipite juu ya bati mpya.

Haki ya fundi

Haki ina pande mbili. Mtume (SAW) ameagiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mwenye nyumba anayemzungusha fundi kwa wiki tatu baada ya hatua kukamilika naye anaghushi, na tabia hiyo huwafundisha mafundi kudai fedha zote mwanzoni. Nanyi ndugu mafundi, ukuta mnaoufunika kwa lipu hauoni mtu, lakini Mola anauona.

Yule mama alitengenezewa nyumba mara ya pili. Safari hii waumini walichanga na kuandika. Fundi aliyechaguliwa hakuchukizwa na karatasi, bali aliisoma, akarekebisha idadi ya bati, akatia saini. Wiki mbili nzima hakugusa ukuta, akisubiri ukauke. Huko ndiko kuaminika tulikopaswa kukutafuta tangu mwanzo, kabla ya kutanguliza ushahidi wa safu ya mbele.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watu wa amana, wenye nyumba na mafundi. Wabillahi tawfiq.