Ulezi wa Ufipa, Bakteria wa Utumbo na Kisukari

Kabla mahindi hayajatawala, chakula kikuu cha Wafipa kilikuwa ugali wa ulezi, mzito na wenye rangi ya kahawia iliyokolea. Ulezi huo ulilimwa katika matuta ya duara yaitwayo ntumba, ambamo nyasi hufukiwa zikaoza na kuwa mbolea. Katika miaka ya 1970 na 1980 Rukwa ilihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikuu ya mahindi nchini, na ulezi ukasogezwa pembeni. Leo mahindi mengi yanayoliwa mjini Sumbawanga hupitia kwanza kwenye mashine ya kukoboa, yakatoka sembe nyeupe. Kilichopotea katika safari hiyo si rangi peke yake.

Rangi ya ulezi hutokana na polifenoli, kundi kubwa la kemikali ambazo mmea hujitengenezea ili kujikinga na ukungu, wadudu na jua. Zimo pia katika ganda la maharage mekundu, katika chai, matunda na mboga za majani. Katika ulezi zimejaa kwenye ngozi ya punje, na aina za kahawia huwa nazo nyingi kuliko nyeupe. Punje yenyewe ni ndogo mno, na ngozi yake imeshikamana na kiini. Kuikoboa ni kazi ngumu, hivyo husagwa ikiwa nzima. Hapo mashine ilishindwa, na mlaji akafaidika. Mahindi hayakubahatika hivyo. Pumba zake zina asidi ya feruliki kwa wingi, lakini baada ya kukobolewa wanaozila ni kuku na nguruwe.

Sehemu kubwa ya polifenoli hainyonywi katika utumbo mwembamba. Inakadiriwa kuwa asilimia 5 hadi 10 tu huingia katika damu hapo. Zilizosalia huteremka hadi utumbo mpana, nyingi zikiwa zimefungamana na nyuzinyuzi, na huko bakteria huzivunjavunja kuwa molekuli ndogo ambazo mwili huweza kuzitumia. Polifenoli nazo huwazuia baadhi ya bakteria na kuwapa wengine nafasi ya kustawi. Wakati huohuo nyuzinyuzi huchachushwa na kutoa butireti, chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Ukuta huo ukidhoofika, vipande vya magamba ya bakteria hupenya hadi kwenye damu, na kinga ya mwili huamka. Hutokea mchochota wa kiwango cha chini, usio na maumivu, unaoweza kuendelea kwa miaka. Mchochota huo huchangia kuifanya misuli, ini na mafuta ya mwili visiitikie insulini ipasavyo. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi. Likishindwa, sukari hupanda.

Ushahidi mmoja umetoka hapahapa Tanzania. Watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi walichapisha mwaka 2021 ulinganisho wa watu 323 wenye afya: wakazi wa mjini walikuwa na dalili zaidi za mchochota katika damu, na wa vijijini walikuwa na flavonoidi zaidi, ikiwemo apigenini. Mwaka 2025 yakatolewa matokeo ya jaribio la wanaume 77. Walioacha chakula cha jadi cha Kilimanjaro na kula cha kimagharibi kwa wiki 2 waliongezeka viashiria vya mchochota. Waliobadili kinyume chake walipata nafuu. Kundi jingine lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi na ulezi, kwa wiki 1, nalo likaonyesha kupungua kwa mchochota. Baadhi ya mabadiliko yalidumu hata wiki 4 baadaye.

Jaribio hilo halikupima kisukari, wala halikutenganisha kazi ya polifenoli na ya nyuzinyuzi. Takwimu za kitaifa nazo zataka uangalifu. Katika vijiji 6 vilivyopimwa miaka ya 1980, kisukari kilionekana kwa chini ya asilimia 1 ya watu. Uchunguzi wa mwaka 2012 ulikadiria asilimia 9.1 kwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Rika na vipimo havikuwa sawa, na katika kipindi hicho unene umeongezeka. Sembe haiwezi kubebeshwa lawama yote.

Ulezi si dawa. Ukisagwa laini na kupikwa uji mwepesi wenye sukari, wanga wake huingia katika damu upesi, na mgonjwa anayeambiwa tu anywe uji wa ulezi hupotoshwa. Afadhali ugali mgumu wa ulezi au wa dona, kwa kiasi, pamoja na maharage ambayo mchuzi wake haukumwagwa; rangi iliyomo katika mchuzi huo ni sehemu ya polifenoli zenyewe. Anayetumia metformini au insulini asiache dozi kwa sababu amebadili chakula. Apime sukari mara nyingi zaidi na kumweleza daktari wake. Tanini hushika pia madini ya chuma. Mjamzito au mtoto mwenye upungufu wa damu asinywe chai pamoja na mlo, na katika sahani yake ya ulezi na maharage kuongezwe dagaa, au pera baada ya kula, ili chuma kinyonywe vizuri zaidi.