Nyumba kongwe Singida: umeme upo, ethi haipo

MFANYABIASHARA anayetafuta fremu katikati ya mji wa Singida huuliza mambo matatu: kodi ya mwezi, miezi inayotakiwa kulipwa kwa mkupuo, na kama LUKU ni ya peke yake au ya kuchangia. Swali la nne, linalogusa uhai wake na wa wateja wake, haliulizwi: je, nyumba hii ina ethi?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa nyumba za zamani. Ufungaji wa umeme nchini ulifuata kanuni za Uingereza, na huko kwenyewe waya wa ethi haukuwa lazima kwenye saketi za taa hadi kanuni za mwaka 1966. Nyumba iliyofungwa umeme kabla ya hapo, au na fundi aliyejifunza kazi kabla ya hapo, inaweza kuwa na nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi, bila ule wa kijani. Nyingine zilipata ethi kwa kuifunga kwenye bomba la chuma la maji. Bomba likaoza, likawekwa la plastiki. Maji yakarudi, ethi ikapotea. Hakuna aliyeshtuka, maana taa ziliendelea kuwaka.

Hasara huonekana siku ya hitilafu. Waya wa moto ukichubuka na kugusa bodi ya friji, ethi nzuri huupatia umeme njia ya kupita na fyuzi hukatika. Bila ethi, bodi hubaki na volti 230 ikimsubiri mtu. Mwili wa binadamu una ukinzani wa kama omu 1,000, hivyo zinaweza kupita miliampia 230. Miliampia 30 tu zinatosha kuhatarisha moyo. Wenye maduka husema "linapiga shoti kidogo", kisha huweka kipande cha mbao mbele ya friji ili mteja akanyage.

Mafundi wa mitaani nao wana lao. Plagi ya pini mbili ikigoma kuingia kwenye soketi ya matundu matatu, husukuma kijiti kwenye tundu la juu, ambalo ndilo la ethi, na kazi inakuwa imekwisha.

Singida ina tatizo la ziada, nalo ni ardhi yenyewe. Mji umekaa juu ya mawe ya matale, udongo mwingi ni wa kichanga, na mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Tuchukue rodi fupi ya mita 1.2 ambayo kipimo chake kimefika omu 100. Gawanya volti 230 kwa 100, unapata ampia 2.3. Fyuzi ya ampia 30 haiwezi kukatika kwa kiasi hicho. Badala yake umeme utavuja ardhini kimya kimya, wati zaidi ya 500, na kwa saa 24 LUKU itakuwa imekula zaidi ya uniti 12. Anayelalamika kuwa uniti zake zinaisha upesi angeanzia hapo kabla ya kumshuku mpangaji mwenzake.

Dawa yake ni swichi ambayo mafundi huiita RCD, inayokata umeme mara uvujaji unapofikia miliampia 30. Kwa kifaa hicho hata rodi ya omu 100 inatosha. Hata hivyo, haiondoi haja ya ethi, na kitufe chake cha majaribio kinapaswa kubonyezwa mara kwa mara. Rodi nazo zinaweza kuongezwa na kuunganishwa, zikiachana kwa umbali usiopungua urefu wa rodi moja, au kuchimbiwa chini zaidi panapopatikana unyevu. Katika mji wenye maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, hukosi kushauriwa umwage chumvi na mkaa shimoni. Chumvi hushusha ukinzani kweli, lakini mvua huiosha na yenyewe hula chuma. Udongo wa bentonaiti hudumu zaidi.

Kwa upande wa soko, bei ya shaba haimsaidii mnunuzi. Mjini London ilivuka dola 10,000 kwa tani Mei 2021, na Mei 2024 ikavuka 11,000. Bei za namna hiyo ni kishawishi cha kuuza rodi zilizopakwa shaba nyembamba kama rangi. Sumaku haitakusaidia kuzitambua, kwani hata rodi halali ni ya chuma kilichovishwa shaba. Kwaruza kwa tupa. Chuma kikijitokeza mara moja, irudishe.

Nani alipe? TANESCO huishia kwenye mita. Nyaya za ndani ni za mwenye nyumba. Kwa maoni yetu, mpangaji anayeweka friji, mashine ya saluni au mota ya kukamulia alizeti adai kipimo cha ethi kabla ya kusaini mkataba, na gharama ya matengenezo ikatwe kwenye kodi. Kazi apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, aje na mita ya kupimia ethi, si taa ya majaribio. Tena aitwe Oktoba, ardhi ikiwa imekauka kabisa. Kipimo cha Februari kitampa mwenye nyumba namba nzuri ambayo haitafika Agosti.