UCHOVU, MAUMIVU NA USAHAULIFU: HUENDA NI TEZI YA SHINGO
Maelezo kwa Wafanyakazi wa Serikali na Wananchi

Wananchi na wafanyakazi wa Serikali wanaarifiwa kwamba maumivu ya misuli na viungo yasiyojulikana chanzo, uchovu usioondoka kwa usingizi, usahaulifu na kuzubaa kwa akili huweza kuwa dalili za hitilafu ya tezi ya shingo. Maelezo haya yanatolewa kwa kuwa wengi wetu tumezoea kuamini kwamba rovu ni maradhi ya watu wa milimani, na kwamba anayekaa kando ya maji na kula samaki hayamhusu.

Ipyana, katika Wilaya ya Kyela, inatosha kutuonyesha udhaifu wa imani hiyo. Hapo si mlimani. Ni uwanda wa mpunga, migomba na kakao, karibu na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, na usipa na samaki wengine wa ziwani hawakosekani sokoni. Lakini mvua za Kyela ni kubwa mno, na mito itokayo katika milima ya Rungwe na Livingstone hufurika karibu kila masika. Maji hayo huosha udongo na kuchukua madini ya joto, ambayo tezi haiwezi kufanya kazi bila ya kuyapata. Mwisho wa safari yake ni baharini. Samaki wa maji baridi wana madini hayo kidogo sana wakilinganishwa na samaki wa baharini. Kwa hiyo mkaazi wa Ipyana anaweza kula wali na samaki kila siku, akashiba, na tezi yake ikabaki na njaa. Tegemeo lake ni chumvi iliyotiwa madini hayo kiwandani.

Tezi yenyewe ni ndogo, imekaa mbele ya koo kwa umbo la kipepeo. Hutengeneza homoni zinazouamuru mwili utumie chakula kwa kasi gani. Zikipungua, kila kitu hupoa. Mgonjwa huhisi baridi wakati wenzake wanajipepea, hunenepa bila ya kuzidisha chakula, ngozi hukauka, choo huwa kigumu, sauti hukwaruza, nywele hunyonyoka na mikono huingia ganzi. Misuli ya mapaja na mabega huuma, na kupanda ngazi huwa kazi. Wanawake huweza kupata hedhi nyingi au kuchelewa kushika mimba. Akili nayo huwa nzito: mtu husoma barua moja mara tatu, husahau jina la jirani, hukaa na jalada mezani asijue aanzie wapi. Zikizidi, mambo hugeuka: moyo hwenda mbio, mikono hutetemeka, jasho humtoka mtu na mwili hukonda ingawa anakula vizuri.

Hapa wakuu wa ofisi wanaombwa watafakari. Mtumishi aliyekuwa hodari, akaanza kuzorota polepole, mara nyingi huitwa mvivu au mlevi, na mwisho huandikiwa barua ya onyo. Nyumbani huambiwa ni uzee au amerogwa. Haipotezi Serikali kitu kumshauri kwanza akapimwe. Ifahamike pia kwamba si kila mgonjwa huvimba shingo. Wengi, na wanawake zaidi ya wanaume, hupatwa na maradhi haya kwa sababu kinga ya mwili imeishambulia tezi yao wenyewe, na hao chumvi pekee haiwaponyi.

Kwa sisi wa visiwani, kujisifu kwa bahari hakufai. Uchunguzi wa wanafunzi wa skuli za Unguja na Pemba, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006, ulikuta uvimbe wa tezi kwa asilimia 21.3 Unguja na asilimia 32 Pemba. Chumvi yenye madini ya joto ilikuwamo katika asilimia 63.5 ya nyumba za Unguja. Pemba ilikuwa asilimia 1 tu. Katika Tanzania kwa jumla, uvimbe huo ulishuka kutoka asilimia 25 katika miaka ya 1980 hadi asilimia 7 mwaka 2004, na chumvi hiyo ndiyo iliyofanya sehemu kubwa ya kazi. Muhogo usiotayarishwa vyema huongeza tatizo pale madini yanapokuwa haba.

Anayeshuku dalili hizi aende kituo cha afya. Mkaazi wa Ipyana huanzia karibu na kwake au Hospitali ya Wilaya, Kyela, na penye haja hupelekwa Mbeya. Kwa visiwani utaratibu ni huo huo. Damu hupimwa homoni. Zikipungua, dawa ni kidonge cha levothairoksini, humezwa asubuhi kabla ya kula, mbali na vidonge vya kuongeza damu, na mara nyingi kwa maisha yote. Kukiacha kwa sababu mtu amepata nafuu ni kuyaita maradhi yarudi.

Ayodini ya kupaka vidonda isinywewe kamwe. Wenye rovu la siku nyingi wasijipe dawa za madini hayo bila ya daktari, kwani kuyapata mengi kwa ghafla huweza kuifanya tezi ipite kiasi, kama ilivyoonekana Zimbabwe katika miaka ya 1990.

Wajawazito watangulizwe katika kila nyumba. Mahitaji yao ni maikrogramu 250 kwa siku, wakati mtu mzima mwengine hutosheka na 150, na upungufu katika mimba huudhuru ubongo wa mtoto kwa namna isiyorekebishika baadaye. Chumvi inunuliwe iliyofungwa na kuandikwa kuwa ina madini ya joto, ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na mvuke, na itiwe chunguni chakula kikikaribia kuiva.