Alama Nyeusi Mwilini: Ipi ya Kawaida, Ipi ya Hatari?



Mkulima wa mtama wa Kintinku, kwenye Reli ya Kati katika Mkoa wa Singida, na mchumaji wa karafuu wa Pemba hawafanani kwa mengi. Lakini wengi wao huenda shamba pekupeku, na ni wachache wanaotazama nyayo zao. Basi leo twasema juu ya nyayo.

Vidoa vyeusi karibu kila mtu anavyo. Hata viganjani na kwenye nyayo za watu weusi huonekana mara nyingi, wala si ugonjwa. Kidoa cha kawaida ni kidogo, cha rangi moja na kingo safi, na hukaa vile vile miaka mingi.

Melanoma ni saratani ya chembe ziipazo ngozi rangi. Kwetu watu weusi huanza zaidi pale ambapo ngozi haina weusi mwingi: chini ya wayo, kiganjani, au chini ya ukucha, wala hapo jua silo la kulaumiwa. Wenye ualbino wana jambo lao: jua huwaletea saratani nyingine za ngozi, nao hawana budi kuvaa kofia pana na mikono mirefu.

Dalili za kuangalia katika kidoa ni hizi:

1. Upande mmoja haufanani na wa pili.
2. Kingo hazikunyooka.
3. Rangi zimechanganyika.
4. Upana umepita milimita 6, karibu unene wa kalamu ya risasi.
5. Kinabadilika: kinakua, kinawasha, kinatoka damu, au kimekuwa kidonda kisichopona.

Kwenye ukucha, uogope mstari mweusi mmoja unaopanuka, au weusi uliovuka hadi kwenye ngozi. Damu iliyovilia kwa kujikwaa husogea mbele ukucha unapokua, saratani hubaki. Mwimbaji Bob Marley wa Jamaika alidhaniwa ameumia kidole cha mguu mpirani. Mwaka 1977 ikajulikana ni melanoma, naye akafa mwaka 1981, akiwa na miaka 36.

Usikate kwa wembe, usichome, wala usipake mafuta ya karafuu. Nenda hospitali, daktari akate kipande kikapimwe. Melanoma ikiondolewa mapema, mtu aweza kupona kabisa. Ikishafika kwenye mitoki na mapafu, kazi ni ngumu.

Usiku wa leo, baada ya kunawa miguu, tazameni nyayo. Asiyeweza kuinama amwombe mkewe, mumewe au mwanawe amtazamie.