Ulinzi wa Mnunuzi Alipaye kwa Barua ya Dhamana ya Benki

Biashara baina ya watu wa nchi mbili zilizo mbali ina khofu mbili: muuzaji huchelea kusafirisha mali asilipwe, na mnunuzi huchelea kulipa asiletewe mali. Kwa ajili hiyo mabenki yameweka njia ambayo wafanyabiashara huiita LC, na wanafiqhi wa zama hizi huiita al-i'timad al-mustanadi. Hiyo ni barua ambayo kwayo benki ya mnunuzi huahidi kumlipa muuzaji pindi atakapoleta hati zilizotajwa ndani yake, kama vile ankara, hati ya shehena na bima. Wengi hudhani kuwa mnunuzi mwenye barua hiyo amekwisha salimika. Sivyo, na hilo ndilo tunalotaka kulibainisha.

Benki huangalia karatasi

Kanuni zinazofuatwa na mabenki mengi ulimwenguni, zijulikanazo kama UCP 600, zilitolewa na Chemba ya Kimataifa ya Biashara yenye makao yake Paris, na zikaanza kutumika tarehe 1 Julai, 2007. Kanuni hizo zinasema wazi kuwa mabenki hushughulika na hati, si na bidhaa. Benki hupewa siku zisizozidi 5 za kazi kuzichunguza hati. Zikiafikiana na masharti, ni wajibu wake kulipa. Wala haibebi dhamana ikiwa hati ni za kughushi.

Mwaka 1941 mahakama ya New York ililetewa shauri la mnunuzi aliyeagiza kutoka India manyoya magumu ya kutengenezea brashi. Alidai kuwa muuzaji alijaza makasha 50 nywele za ng'ombe na takataka, kisha akapeleka hati zilizo sawasawa. Mahakama iliona kuwa, ikiwa madai hayo ni kweli, na benki imejulishwa udanganyifu kabla ya kulipa, muuzaji hastahiki kujificha nyuma ya karatasi. Lakini mlango huo ni mwembamba: udanganyifu wahitaji kuthibitishwa, na aliyekwisha kuzinunua hati kwa nia njema hulindwa.

Hukumu ya sheria yetu

Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alipita penye lundo la chakula sokoni, akaingiza mkono wake, akakuta unyevunyevu chini. Mwenyewe akasema kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, na akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika yeye. Makasha yale ya mwaka 1941 ni lundo lile lile.

Kwa hiyo malipo ya benki hayaikati haki ya mnunuzi. Bidhaa ikitokea na aibu ya zamani asiyoijua, anayo khiyari ya aibu, naye huidai kwa muuzaji bila kuchelewa. Ila kumdai mtu aliye ng'ambo ya bahari ni kazi nzito, basi kinga huwekwa mapema, katika masharti. Na Waislamu hushikamana na masharti yao, isipokuwa sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali.

Tunamnasihi mnunuzi mambo matatu. Kwanza, aieleze bidhaa kwa aina, uzito na idadi, kama sheria ilivyotaka katika bei ya salamu. Pili, asharitishe cheti cha ukaguzi kutoka kwa mkaguzi asiye wa muuzaji, kitolewe wakati wa kupakia. Mkaguzi huyo ndiye mkono unaoingia ndani ya lundo kwa niaba yake. Tatu, ataje siku ya mwisho ya kupakia.

Kuhusu ada, kipimo nambari 14 cha AAOIFI, taasisi iliyoko Bahrain, kinairuhusu benki kuchukua malipo ya huduma yake, si malipo ya dhamana yenyewe wala riba juu ya deni.

Jambo hili huwa zito zaidi kwa anayefanya biashara kwa mali ya wengine, kama vile mudharaba au mali ya mayatima. Mwenye amana hadhamini hasara iliyomjia bila ya kosa lake, lakini hudhamini akizembea. Aliyeacha ukaguzi uliozoeleka baina ya wafanyabiashara, kwa kutosheka na karatasi, ana jawabu gani mbele ya wenye mali, na mbele ya Mola wao?

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.